Ngozi ya Binti wa Katoyi Si ya Kuunguzwa

Wazazi wenzangu wa Katoyi, hapa Goma, jambo la kuchubua ngozi limeingia nyumbani mwetu na sisi tumelinyamazia kwa sababu linaitwa urembo. Zamani binti aliyetaka weupe alijipakaa mafuta, akangoja miezi. Siku hizi anaambiwa kuna maji ya kuchuna ngozi: ukiyapakaa, baada ya siku chache ngozi ya juu hubanduka vipande vipande na uso mpya ukatokea. Arusi ikiwa Jumamosi, yeye huyapakaa Jumatatu.

Maji hayo ni asidi. Sitaki kuwasingizia madaktari wa ngozi, maana wao huzitumia kweli: asidi ya glaikoliki itokayo katika miwa, na ya salisiliki, hutibu chunusi na mabaka kwa kulegeza kinachoshikanisha seli zilizokufa. Lakini daktari anajua nguvu ya dawa yake kwa asilimia, anahesabu dakika, na huiandaa ngozi majuma kadhaa kabla. Asidi ya trikloroasetiki ikizidi kiasi, huunguza hadi ndani. Fenoli hupenya damuni ikavuruga mapigo ya moyo. Mwaka 2024 Brazil ilisimamisha uuzaji wake kwa kazi za urembo, baada ya kijana kufariki São Paulo alipochunwa uso kwa dawa hiyo. Basi chupa isiyo na maandishi, iliyojazwa na mtu asiyejulikana, tunaiaminije?

Tena ngozi nyeusi ikiungua hujitetea kwa kutoa rangi zaidi. Aliyetafuta weupe huondoka na baka jeusi kuliko alilokuwa nalo, au kovu lililovimba. Aliyechunwa uso hutakiwa akae mbali na jua kwa majuma. Goma iko karibu na ikweta kabisa, haifiki nyuzi mbili, na juu ya usawa wa bahari ni kama mita 1,500. Jua la hapa ni kali hata siku ya baridi. Nani katika Katoyi ataweza kukaa kivulini? Bidoni la maji linamngoja, meza ya biashara inamngoja, na vumbi jeusi la mawe ya volkeno halichagui uso wenye kidonda.

Wengine watasema, sisi hatutumii asidi, ni mafuta tu. Haya, tuyatazame mafuta. Mengi yana kemikali ya haidrokwinoni, ambayo Afrika Kusini iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990 na nchi za Umoja wa Ulaya mwaka 2001. Mwishoni mwa 2018, hapo Rwanda, ng'ambo ya mpaka wa Petite Barrière, Rais Kagame alitaka wizara ya afya na polisi walishughulikie jambo hili haraka, na mafuta yakaanza kuondolewa madukani. Mengine yana zebaki, iharibuyo figo na kumfikia mtoto tumboni. Mengine yamechanganywa na klobetasoli, dawa ya ugonjwa wa ngozi ambayo ikipakwa mwili mzima miezi na miezi huikondesha ngozi. Itazameni mikono ya mtumiaji: kiganja kwa nyuma kimekuwa chekundu, mishipa inaonekana, lakini vifundo vya vidole vimebaki vyeusi. Ngozi ya namna hiyo ikipasuliwa wakati wa kuzaa, uzi haushiki vizuri na kidonda huchelewa kupona.

Akina baba, hapa ninawasema ninyi hasa. Binti hakuzaliwa akiuchukia uso wake. Alisikia mezani dada yake akisifiwa kwa weupe, naye akiitwa "ule mweusi." Aliona wachumba wanavyochagua. Atakayemzuia asinunue chupa ni baba aliyemwita mzuri tangu utotoni, kabla ya askari yeyote wa mpakani. Na ninyi mama wenye saluni, msiuze msichoweza kusoma. Mteja akiungua ni jirani yenu.

Kwa dada ambaye ameshaanza, nakusihi usifiche. Acha kuchuna leo. Mafuta yenye klobetasoli usiyaache ghafla peke yako, maana uso huweza kuwaka na kuvimba. Nenda kituo cha afya na chupa yenyewe mkononi, uulize namna ya kupunguza. Ukiwa mjamzito, mwambie mkunga mapema yote uliyojipakaa.