Siku tatu za baba: sheria hii ilimfikiria nani?

Nianze na kifungu chenyewe, maana wengi wetu tunalalamika bila kukisoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inasema mfanyakazi aliyepata mtoto atapewa walau siku tatu za likizo yenye malipo, na sharti azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Kifungu kilichotangulia, cha 33, kinampa mama siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Baba wa mapacha? Tatu zile zile. Halafu kuna kamstari ambako sijui kama aliyekaandika alikuwa na watoto: siku hizo tatu ni za mzunguko mzima wa likizo, yaani miezi 36, haijalishi umepata watoto wangapi humo ndani. Ukijaliwa wa kwanza mwaka huu na wa pili baada ya miaka miwili, huyo wa pili utamwona jioni ukitoka kazini, kama wanavyomwona majirani. Na uwe umeshatimiza miezi sita kwa mwajiri wako, la sivyo hata hizo tatu huna.

Haya wadau, tupige hesabu. Mke kajifungua kwa upasuaji, yuko wodini siku mbili au tatu, na wewe unashinda nje ya geti na chupa ya uji ukisubiri muda wa kuona wagonjwa. Siku wanayoruhusiwa kurudi nyumbani ndiyo siku likizo yako inaisha. Au chukua kijana wa Kiomboi anayefanya kazi Dar. Mke kaja kujifungulia kwao, kama wengi wanavyofanya kwa mtoto wa kwanza. Dar mpaka Singida mjini ni kama kilomita 700, bado hujashika barabara ya Iramba. Siku ya kwanza yuko kwenye basi, siku ya tatu yuko kwenye basi. Siku ya katikati anakabidhiwa mtoto amshike dakika tano huku shangazi watatu wakimwambia "angalia shingo, baba, angalia shingo", kisha ananyang'anywa.

Baadaye mwanaume huyo huyo, mtoto akilia mikononi mwake akamrudisha haraka kwa mama, tunasema wanaume hawana mapenzi na vichanga. Nakataa. Mapenzi na kichanga hayashuki kama mvua. Mwaka 1980 watafiti wawili Marekani, DeCasper na Fifer, walionyesha kwamba mtoto mwenye umri usiofika siku tatu hubadili namna anavyonyonya chuchu ya bandia ili tu aisikie sauti ya mama yake badala ya ya mwanamke mwingine. Mwaka 1984 DeCasper akarudia na mwenzake mwingine kwa sauti za akina baba. Watoto hawakuonyesha kumchagua baba mbele ya mwanaume mwingine yeyote. Mama ana mtaji wa miezi tisa. Baba anaanza na sifuri, na mwenye sifuri ndiye tuliyempa siku tatu.

Najua watakaoniambia kwamba mwanaume wa Kiafrika hakuumbiwa kubeba vichanga, hayo ni mambo ya Wazungu na televisheni. Hapa ndipo nawaomba tusiende Sweden. Twende Mkalama, wilaya yetu wenyewe, mpaka Munguli wanakoishi Wahadzabe. Watalii wanapiga picha za pinde na nyani aliyechomwa, sijawahi kuona kadi ya posta ya Mhadzabe kabeba mtoto wake, na wanabeba. Baba wa Kihadzabe hulala jirani na mkewe na watoto, humshika mtoto, humchezesha. Jirani zao kwenye bonde hilo hilo la Eyasi ni Wadatoga, wafugaji, ambako baba kwa kawaida hula na kulala mbali na wadogo. Mwaka 2009 Martin Muller, Frank Marlowe na wenzao, akiwemo Mtanzania Revocatus Bugumba, walichapisha utafiti wakilinganisha homoni ya testosteroni kwa wanaume wa jamii hizo mbili. Kwa Wahadzabe, wenye watoto walikuwa na kiwango cha chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga tofauti hiyo haikuonekana.

Mtu anaweza kusema labda wenye homoni kidogo ndio wanaopata watoto. Swali zuri. Lilijibiwa mwaka 2011 na kundi la Lee Gettler huko Cebu, Ufilipino: walifuatilia vijana 624 kwa karibu miaka mitano, na waliokuwa na kiwango cha juu mwanzoni ndio waliokuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata mke na mtoto, kisha kiwango kikashuka sana walipokuwa baba. Kwa waliokuwa wakimhudumia mtoto saa tatu au zaidi kwa siku, kilikuwa chini zaidi. Kwa hiyo mwili wa mwanaume unajua kazi hii. Unasubiri kupewa mtoto. Nanyi mnaosema mila, niambieni: Mhadzabe ni Mwafrika wa wapi ikiwa si wa hapa?

Sasa twende kliniki. Mahali pengi nchini mjamzito akienda mara ya kwanza anaambiwa aje na mwenza wake ili wapimwe Virusi vya Ukimwi pamoja, na asiye na mwenza anatafuta barua ya mwenyekiti wa mtaa. Sina ugomvi na kupima, kumeokoa watoto wengi. Ninachouliza ni hiki: baada ya kutolewa damu, huyo mwanaume anaambiwa nini? Anaonyeshwa namna ya kumcheulisha mtoto? Anaambiwa kitovu kinasafishwaje? Anakaa kwenye benchi lililojaa akina mama, anachezea simu, anaondoka. Siku ya uchungu inapofika analetwa mpaka mlangoni na kuambiwa asubiri nje. Manesi nawaelewa, chumba kimoja kina vitanda vinne bila pazia, na mke wa mwenzako ana haki ya faragha yake. Lakini pazia ni kitambaa na bomba. Nchi inayojenga reli ya umeme haishindwi na kitambaa na bomba.

Na hata kule ambako kifua cha baba kingekuwa dawa kabisa, tunakiacha nje. Njia ya kangaruu, ya kumlaza njiti kifuani ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978 kwa sababu hospitali ilikuwa haina mashine za kutosha. Mwaka 2021 ulitoka utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulioonyesha kwamba ikianzishwa mara tu mtoto anapozaliwa inapunguza vifo vya njiti kwa robo, ikilinganishwa na kusubiri hali yake itulie kwanza. Joto la kifua halina jinsia. Mama aliyepasuliwa, mwenye maumivu na usingizi wa siku tatu, anahitaji kupokezana na mtu, na mtu huyo yuko nje ya geti na chupa ya uji.

Nyumbani nako kuna serikali yake. Mama mkwe kaja na begi, kaka yangu, na chumba si chako tena. Unahamia kwenye kochi. Ukiomba kumwogesha mtoto unachekwa, ukifua nepi mbele za watu utaitwa bushoke mpaka utaihama mitaa ya Mwenge. Siwasemi vibaya wazee hawa, bila bibi zake binti yangu, ambaye sasa ana miezi minane, sijui tungefanyaje. Nilichofanya mimi ni kuomba zamu ya saa nane usiku, saa ambayo hakuna mtu wa kucheka na bibi kachoka. Nilinyimwa siku mbili. Ya tatu nikapewa.

Ndiyo hiyo hiyo ya tatu ambayo simu ya dawati la habari iliingia, kuna mkuu wa wilaya anazungumza na wakulima wa alizeti, je, nakwenda au wampe mwingine? Gazeti silitaji. Wenzangu wa mikoani mnajua tunavyoishi: hulipwi mshahara, unalipwa kwa habari iliyotoka. Huna mkataba, kwa hiyo kifungu cha 34 hakikujui kabisa. Tunaandika kuhusu haki za wafanyakazi kwa kalamu ambazo hazina haki hizo. Na sisi tuna nafuu. Dereva wa bodaboda pale Misuna, mwenye hesabu ya kupeleka kwa tajiri kila jioni, ana likizo gani? Kibarua wa vitunguu? Mtu akisema ongeza siku kwenye sheria ajue kwamba baba wengi wa mkoa huu hawaguswi nayo, na bado naitaka, kwa sababu sheria ndiyo inayowaambia watu wote, hata wasioajiriwa, nini ni kawaida. Miaka ishirini imewaambia kwamba kichanga ni shughuli ya siku tatu, kama msiba.

Mabosi wana hoja yao na nimeisikia mara nyingi: mkiwapa wiki mbili watakwenda baa. Wengine wataenda. Wapo pia wanaotumia likizo ya mwaka baa, na sijasikia mtu akipendekeza ifutwe. Hoja ya gharama ni nzito zaidi, lakini nayo tuipime kwa majirani. Kenya wameweka wiki mbili kwa mshahara kamili katika sheria yao ya ajira ya 2007, na viwanda vyao havijafungwa kwa ajili hiyo. Rwanda walipandisha hadi siku saba mwaka 2023. Uganda wana siku nne za kazi tangu 2006, yaani hata hao wametuzidi, kidogo.

Kwetu mlango ulifunguliwa nyufa. Mei Mosi ya 2024 kule Arusha, serikali ilitangaza nafuu kwa mama anayejifungua njiti, na baba wa njiti naye akatajwa, siku saba badala ya tatu. Mwaka uliofuata Mei Mosi kitaifa ikaja kwetu Singida, uwanja wa Bombadia, na Rais Samia akatangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Makofi yalistahili. Ila kama serikali ilishakubali kwamba baba wa njiti ana kazi ya kufanya kwa mtoto wake, naomba mtu anieleze huyu wa mtoto wa miezi tisa kamili amekosa nini.

Ninachotaka kinaingia kwenye aya moja ya muswada. Siku 14, kwa kila uzazi, ule mzunguko wa miezi 36 ufutwe kabisa. Zichukuliwe wakati wowote ndani ya miezi mitatu ya kwanza na si lazima kwa mkupuo, ili kijana wa Kiomboi aweze kuja mara mbili, moja mtoto akizaliwa na nyingine mama mkwe akishaondoka, maana hapo ndipo kazi inapoanza. Vyama vya wafanyakazi vina wanasheria, wabunge wetu wa Singida wanafahamika kwa majina na wengi wao ni baba. Mwenye hoja ya kwa nini ziwe tatu, na si mbili au kumi, aje aieleze hapa, nitaichapisha yote bila kukata neno.