Kujitolea Rwanda sawa, ila tuanzie darasani

Likizo ikikaribia tu utasikia: mi naenda Rwanda kujitolea, nikajifunze haki za binadamu. Safi, nendeni. Tena tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi kule, kwa hiyo tuna cha kupeleka.

Ila wangapi tunakumbuka kwamba kesi kubwa za mauaji yale ya 1994 zilisikilizwa hapa hapa Arusha? Mahakama ya Umoja wa Mataifa ilikaa pale hadi 2015. Septemba 2, 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Na kabla ya kuwa meya wa Taba alikuwa nani? Mwalimu, tena mkaguzi wa shule! Sisi wa ualimu hapo tusipite haraka.

Kule kabla ya mapanga yalitangulia majina. Watutsi waliitwa mende. Kwetu, kuanzia Nambis hadi Hanang, Wadatoga wanaitwa Wamang'ati, neno la Kimasai, maana yake maadui... na watu wanacheka tu.

Basi ukitoka Kigali usituletee picha peke yake. Siku mtoto akiitwa hivyo darasani kwako, simamisha somo. Ukishindwa hilo, mi naona ulienda kutalii. Mnasemaje?