Nani Ahame Mji Mkongwe?

Wapo watu wanaodai kwamba mkazi wa Mji Mkongwe wa Unguja mwenye akili timamu hana budi kufunga virago. Aikodishe nyumba kwa mwenye hoteli, akajenge Fuoni au Tunguu, apate nafasi na hewa. Hoja hiyo hutolewa kwa sauti ya kirafiki, na baadhi ya watumishi wa umma huirudia bila kuipima.

Ni kweli kwamba kukaa huko kuna adha. Chokaa hubanduka, paa likivuja boriti huoza, ngazi zimesimama wima na wazee huzipanda kwa taabu. Mwalimu aliyepanga Shangani hushindana na mtalii ambaye kwa usiku mmoja hulipa fedha ambazo mwalimu huzihesabu kwa wiki. Lakini adha hizo hazikuletwa na mawe. Zimeletwa na uzembe wa matengenezo na tamaa ya kodi.

Nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa hudumu kwa kutunzwa, na mtunzaji wake wa kwanza ni anayelala ndani yake, kwa kuwa ndiye anayeliona tone la kwanza la mvua. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa 1883, liliachwa likachakaa miaka mingi. Matengenezo yalipofika yalikuwa yamechelewa: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na kuua watu wawili.

Wanaosifu uhamaji watazame Venice, Italia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mji wake wa kale ulikuwa na wakazi zaidi ya 170,000. Mwaka 2022 walipungua chini ya 50,000. Mwaka 2024 mji huo ukaanza kuwatoza kiingilio wageni wa kutwa, mithili ya uwanja wa mpira. Kiingilio hicho hakimrudishi muuza samaki aliyekwisha kuhama.

UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 kama mfano bora wa miji ya biashara ya Waswahili. Waswahili hao wakiondoka, mgeni atakuja kuwatazama wageni wenzake wamekaa barazani.

Nyumba nyingi za mji huo ni mali ya Serikali na Wakfu. Basi kazi ianzie hapo, tena kwa wapangaji waliomo sasa, kabla ya kibali kingine cha hoteli. Mkazi apatiwe paa lisilovuja na maji ya bomba, ndipo aulizwe kama bado anataka kuhama.