MAMBO YA NYUMBANI: Karabai ya Zamani Isiuzwe kwa Bei ya Chuma

Katika nyumba nyingi za askari wa jeshi na polisi, kutoka Jinja hadi Mbale, ingali iko karabai moja ya shaba, imewekwa juu ya kabati au chini ya kitanda. Aghalabu ni mali ya baba au ya babu. Imehamishwa kambi baada ya kambi pamoja na masanduku na sufuria, ubavu wake umebonyea, na pampu yake haisukumi tena. Mnunuzi wa vyuma chakavu apitapo, mama wa nyumba huona kwamba afadhali apate hela ya chumvi kuliko kutunza chombo kilichokufa. Lakini mara nyingi chombo hicho hakikufa. Kimekosa kipande cha ngozi chenye ukubwa wa sarafu, au mpira wa kifuniko, au kimezibwa na masizi katika kitundu chembamba kuliko sindano. Yafaa kila nyumba ijue lipi katika hayo laweza kutengenezwa, na lipi ni la hatari lisiloguswa.

Mtu aweza kuuliza karabai ya nini katika mji kama Jinja, uliozaliwa upya kwa umeme. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na mwaka 2012 likafuatiwa na lile la Bujagali, mwendo mfupi chini ya mto. Ni kweli pia kwamba taa za nguvu za jua zimeenea, na kwa mwanga wa kila siku chumbani, hasa penye watoto wadogo, hizo ni salama zaidi. Hata hivyo umeme hukatika, na betri ya taa ya jua huchoka baada ya siku za mawingu. Penye matanga uani, au katika nyua za Bugisu wakati wa imbalu, sherehe za jando zifanywazo katika miaka inayogawanyika kwa mbili, watu hukesha mpaka alfajiri. Hapo taa iangazayo ua mzima, wala isiyozimwa na upepo, bado ina heshima yake. Wavuvi wa dagaa katika Ziwa Victoria, ambao hapa Uganda huitwa mukene, walitumia karabai kwa miaka mingi kuwavuta samaki usiku wa giza, kabla taa za betri hazijaanza kuchukua nafasi hiyo.

Jinsi inavyofanya kazi

Asiyejua chombo kinavyofanya kazi hawezi kukitengeneza. Katika karabai mafuta ya taa hayawaki yakiwa maji, bali huwaka yakiwa mvuke. Pampu hujaza hewa ndani ya tangi. Hewa hiyo huyasukuma mafuta yapande katika bomba jembamba lipitalo karibu na moto. Bomba likiwa na joto la kutosha, mafuta hugeuka mvuke, mvuke hutoka kwa kasi katika kitundu kidogo, huchanganyika na hewa ya nje, kisha huwaka ndani ya utambi wa kifuko. Utambi huo hauzami katika mafuta kama ule wa kandili. Ni wavu ambao hupashwa moto hata ukatoa nuru nyeupe.

Utambi wa namna hiyo ulianzishwa na mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, aliyeupatia hati ya uvumbuzi mwaka 1885. Jiko la pampu, lililo ndugu wa karabai, lilibuniwa mwaka 1892 na Frans Wilhelm Lindqvist huko Stockholm, nchini Sweden, likaitwa Primus. Karabai ya Petromax ilitoka katika kiwanda cha Ehrich & Graetz cha Berlin, na jina lake limechukuliwa kutoka kwa Max Graetz. Baadaye zikaja nyingine nyingi, zikiwamo zile za China. Kwa kuwa zote hufuata kanuni moja, maelezo yafuatayo yanafaa kwa taa na kwa jiko la pampu vilevile.

Mpaka mwaka 1972 maduka mengi ya Jinja na Mbale yalikuwa ya Waasia, na vipuri viliuzwa humo. Waasia walipofukuzwa mwaka ule kwa amri ya Idi Amin, bidhaa ziliadimika, na katika miaka ya magendo iliyofuata hata sabuni na sukari vilipatikana kwa taabu. Mwenye taa hakuwa na njia ila kuitengeneza kwa kile alichokuwa nacho. Maarifa ya namna hiyo hayafai kusahauliwa.

Kabla ya kufungua chochote

Kazi yote ifanywe mchana, nje ya nyumba, mbali na jiko na sigara. Taa iwe imepoa kabisa. Parafujo ya hewa ilegezwe mpaka sauti ya hewa itokayo ikome, kisha mafuta yamwagwe katika chombo chenye kifuniko. Watoto wasikae karibu. Tangi likaguliwe kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Likiwa limevimba, limepasuka, au linavuja kwenye maungio, lisitumiwe tena. Kubonyea kidogo ubavuni si neno, lakini ufa ni neno kubwa. Wala mtu asikubali tangi lililowahi kutiwa mafuta lilehemiwe kwa moto ovyo, maana mvuke uliosalia ndani huweza kulipuka usoni mwa fundi.

Maradhi manne na dawa zake

Ugonjwa wa kwanza ni pampu isiyosukuma. Mkono wa pampu huingia na kutoka kwa wepesi, na hewa haiendi popote. Chanzo ni ngozi iliyo mwishoni mwa fimbo ya pampu, ambayo hukauka na kusinyaa taa ikikaa bila kazi. Fimbo ichomolewe, ngozi ilowekwe katika mafuta ya cherehani au ya injini usiku kucha, kisha isuguliwe kwa vidole mpaka ilainike, na kingo zake zipanuliwe kidogo ili ziguse kuta za pampu pande zote. Ikiwa imechanika, nyingine yaweza kukatwa kutoka katika kiatu kikuukuu au mkanda. Ngozi hiyo iwe duara lililozidi kidogo upana wa bomba la pampu, ilowekwe katika maji ya uvuguvugu, ifinyangwe kama kikombe, ikaushwe, kisha itiwe mafuta. Ngozi ya bandia ya plastiki haifai, kwani haishiki umbo hilo wala hainywi mafuta.

Ugonjwa wa pili ni mkono wa pampu kupanda wenyewe baada ya kusukumwa, au mafuta kuonekana ndani ya pampu. Hapo ngozi haina kosa. Mwenye kosa ni vali ndogo iliyo chini ya pampu, ambayo kazi yake ni kuiruhusu hewa iingie bila kurudi. Kipande chake cha mpira kimekauka au kimeshika uchafu. Vali hiyo hufunguliwa kwa bisibisi ndefu yenye ncha inayolingana nayo. Asiye na bisibisi hiyo ampelekee fundi, kwa sababu shaba ni laini, na kichwa cha vali kikishaharibiwa hakifunguki tena.

Ugonjwa wa tatu ni hewa kupungua polepole, na nuru kufifia baada ya dakika chache. Tangi lijazwe hewa bila kuwashwa moto, kisha povu la sabuni lipakwe kwenye kifuniko, kwenye parafujo ya hewa na kwenye maungio. Penye viputo ndipo penye tundu. Mara nyingi ni mpira wa kifuniko uliopasuka. Usibadilishwe kwa mpira wowote tu. Mpira wa tairi la ndani la baiskeli hulainika na kuvimba ukikutana na mafuta ya taa, kwa hiyo utafutwe ule uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika karabai ufa mdogo wa mpira hupitisha mvuke unaoweza kushika moto.

Ugonjwa wa nne ni nuru hafifu inayopumua kama mtu mwenye pumu, ingawa hewa imejaa. Hapo kitundu kimezibwa na masizi. Karabai nyingi zina sindano yake ya ndani, ambayo husafisha kitundu mkono mdogo uzungushwapo. Zile zisizo nayo husafishwa kwa waya mwembamba maalumu. Sindano ya kushonea isitumiwe kamwe. Itakipanua kitundu, mafuta yatatoka kwa wingi kuliko hewa, na taa itatoa moshi mweusi siku zote. Kitundu kikishapanuka hakuna dawa ila kununua kingine. Bomba la mvuke nalo hujaa masizi ndani baada ya matumizi ya muda mrefu, na lisiposafika libadilishwe.

Utambi wa kifuko

Utambi mpya hufungwa kwa uzi wake bila kukunjamana, kisha huchomwa mpaka uwe majivu meupe yanayoshika umbo. Tangu hapo haufai kuguswa kwa kidole. Ukitoboka ubadilishwe usiku uleule, kwa maana ulimi wa moto utokao tunduni hupiga kioo mahali pamoja na kukipasua, na bei ya kioo huzidi sana bei ya utambi. Aidha, tambi za zamani zilitengenezwa kwa thoriamu, madini yenye mnunurisho. Viwanda vingi sasa hutumia madini mengine, lakini si vyote. Kwa hiyo vumbi la utambi uliokufa lisivutwe puani. Lifutwe kwa kitambaa kibichi, kitambaa kitupwe, na mikono ioshwe kabla ya kugusa chakula.

Mafuta na hatari yake

Jambo kubwa kupita yote ni mafuta yenyewe. Mafuta ya taa safi hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yafike joto la nyuzi 38 au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata katika baridi kali. Petroli kidogo ikichanganyika na mafuta ya taa, kwa udanganyifu wa muuzaji au kwa uzembe wa kutumia dumu moja kwa vyote viwili, karabai hugeuka bomu ndani ya nyumba. Njia rahisi ya kupima ni kudondosha tone moja juu ya karatasi mahali penye kivuli. Petroli hukauka upesi, lakini mafuta ya taa huacha doa linalokaa muda mrefu. Kipimo hicho chaweza kushindwa petroli ikiwa kidogo, basi penye harufu ya petroli au penye shaka yoyote, mafuta hayo yasitumiwe kabisa.

Mafuta yachujwe kwa kitambaa safi, na tangi lijazwe robo tatu tu ili hewa ipate nafasi. Taa inayowaka isiongezwe mafuta. Kabla ya kuwasha, bomba lipashwe moto kwa spiriti mpaka spiriti iishe yenyewe. Moto wa manjano unaoruka juu ni dalili kwamba bomba lingali baridi. Hapo hewa ifunguliwe mara moja, taa ipoe, na kazi ianzwe upya. Karabai ikae mahali tambarare, mbali na chandarua na pazia, dirisha likiwa wazi, kwa sababu moto wowote wa mafuta ndani ya chumba kilichofungwa huleta hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu asilale ikiwaka.

Mafuta yasiwekwe katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hatofautishi. Akiyanywa asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa ili atapike, kwani yakipanda huingia mapafuni na hapo ndipo yanapoua. Apelekwe hospitali bila kukawia, hata kama aonekana mzima. Hospitali kuu za rufaa za Jinja na Mbale ziko wazi usiku na mchana. Aliyeungua amwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, wala asipakwe dawa ya meno, unga au mafuta.

Ratiba ya nyumba

Ichukuliwe familia ya koplo aliyehamishwa kutoka Jinja kwenda Mbale, kupitia Iganga na Tirinyi. Katika safari hiyo karabai isafirishwe tangi likiwa tupu, kioo kimefungwa katika blanketi, na utambi umeondolewa, maana hauwezi kustahimili mitikisiko ya lori. Wafikapo, ngozi itiwe tone la mafuta na mpira ukaguliwe kabla ya usiku wa kwanza.

Kwa nyumba isiyohama, kila juma taa inayotumiwa ifutwe masizi na kioo kioshwe kikiwa baridi. Kila mwezi ngozi ya pampu itiwe mafuta. Taa inayowekwa akiba imwagwe mafuta yote, kwani yakikaa muda mrefu tangini huacha uchafu na maji huotesha kutu, kisha iwashwe mara moja kila miezi 3 ili ijulikane kama ni nzima. Katika sanduku moja dogo viwekwe tambi 2, mpira wa kifuniko, kipande cha ngozi na waya wa kuzibulia. Na sanduku hilo baba na mama wote wawili walijue lilipo, kwa sababu mara nyingi umeme hukatika baba akiwa zamu.