Haki ya Prasher Isifichwe

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwaka 1962 Osamu Shimomura alitangaza protini ya konyeza, mnyama laini wa baharini, ing'aayo kijani ikimulikwa. Mwaka 1992 Douglas Prasher wa Marekani aliinakili jeni yake. Fedha za utafiti zilipomwishia aliwagawia wenzake bure. Leo wataalamu huiunganisha jeni hiyo na ya protini waitakayo, wakaitazama kwa hadubini ikitembea ndani ya seli iliyo hai, pasipo kuiua seli.

Tuzo ya Nobel ya 2008 walipewa Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien. Wakati huo Prasher alikuwa akiendesha gari la kubebea wateja huko Alabama! Kanuni ya washindi watatu ni finyu, lakini lawama kubwa iwaendee walioshika mfuko wa utafiti. Chalfie mwenyewe alikiri kwamba Prasher angeweza kupewa nafasi yake.