Vipimo viwili ndani ya nyumba moja



Juma hili tuongee juu ya ukweli wa ndani. Wengi wetu tukisikia neno «ukweli» tunawaza mdomo tu: usiseme uongo, usimsingizie mwenzako. Ni vizuri, lakini Daudi alienda mbali zaidi. Kisha nabii Natani kumkemea kwa ajili ya Batisheba na Uria, alitambua kwamba ukweli anaoutaka Mungu unaanzia moyoni, pale ambapo jirani hafiki. Tusome Zaburi ya 51, mstari wa 6.

Lakini ya moyoni tutayajuaje? Torati inatupa njia rahisi: tazama vipimo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, kuanzia mstari wa 13, Waisraeli wanakatazwa kuwa na mawe mawili ya kupimia ndani ya mfuko, kubwa na dogo, tena kuwa na vipimo viwili ndani ya nyumba. Tuangalie vizuri, wamama. Sheria haikatazi tu kumpunja mtu sokoni, inakataza hata kuvitunza nyumbani. Mwenye kutunza jiwe la pili amekwisha kuamua moyoni, hata kama mnunuzi hajafika bado.

Hapa kwetu Kivu hatupimi kwa mawe. Bunga na maharagi tunapima kwa kopo la Guigoz, na michezo yake tunaijua: kopo lililogongwa chini hadi tako likapanda ndani, karatasi iliyokunjwa, kidole gumba kinachoingia wakati wa kumimina. Kuna nyumba zenye kopo la kununulia na kopo la kuuzia. Ukiuliza, unajibiwa: «Mwalimu, bila hivyo minervali ya watoto wa sekondari itatoka wapi?»

Swali hilo ni zito, silidharau. Taksi ya soko ni kila siku, na usafiri unapanda. Lakini njia ya haki ipo: kama faida haitoshi, pandisha bei mbele ya macho ya mnunuzi, kopo libaki lilelile. Bei anaiona, anaweza kukubali, kubishana ao kwenda kwa mwingine. Tako la kopo halioni. Na mara nyingi anayepunjwa ni mama mwenzako aliyekuja na feza ya kopo moja tu, la kupikia watoto jioni. Wauzaji wa namna hiyo nabii Amosi aliwakemea, sura ya 8: walingojea sabato iishe ili wauze ngano kwa kipimo kilichopunguzwa na mizani ya udanganyifu. Mwili ulikuwa katika ibada, moyo ulikuwa sokoni.

Kama mwalimu, naogopa jambo lingine pia. Watoto wengi wanasaidia mama kuuza kisha masomo. Darasani tunawafundisha kilo na lita, na wanajibu vizuri. Lakini mtoto aliyetumwa «leta lile kopo lingine» amekwisha kupata somo lenye nguvu kuliko ubao wangu: kwamba kuna ukweli wa kanisani na ukweli wa mezani pa biashara. Kesho akituficha pointi zake, ao akirudisha chenji pungufu, tusiulize amejifunzia wapi.

Tumkumbuke Zakayo, Luka sura ya 19. Yesu alipomtembelea, hakusema tu kwamba amebadilika. Alitaja mali yake: nusu kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Ukweli ulioingia moyoni ulionekana kwenye mfuko.

Na wewe usiyeuza, usipite mbio. Mwenye kutunza kitabu cha likelemba, mwalimu mwenye kuandika pointi, sote tuna kipimo mkononi.

Kwa hiyo, kazi ya juma hili ni moja. Toa makopo yako yote, jaza moja maji, kisha umimine katika lingine, mtoto akiangalia. Lisilolingana na mengine liwe la kuoteshea vitunguu, lisirudi sokoni tena. Mtoto akiuliza sababu, mwambie sababu yenyewe, wala usiifiche.

Mungu awalinde pamoja na nyumba zenu. Tuonane juma lijalo.