Dawa za madini za Ayurveda: Neno ‘asili’ si cheti cha usalama

KATIKA makopo mengi ya dawa za Ayurveda, tiba ya kale ya India, msomaji hukutana na maneno matatu: asili, salama, haina madhara. La kwanza laweza kuwa kweli. Mawili yanayofuata yanahitaji ushahidi, na kwa baadhi ya dawa hizo ushahidi uliopo unaelekea upande mwingine kabisa.

Ni vema kuanza kwa kutenganisha mambo. Sehemu kubwa ya Ayurveda ni mitishamba, ikiwemo manjano, tangawizi na mwarobaini, ambayo hata jikoni na mashambani mwetu haina ugeni. Lakini limo tawi moja liitwalo rasa shastra, ambalo malighafi yake ni metali na madini: zebaki, risasi, shaba, bati, chuma, dhahabu na hata ulanga. Vitu hivyo husafishwa kwa maji ya mimea, maziwa au samli, kisha huchomwa tena na tena hadi viwe unga laini kama majivu, unaoitwa bhasma.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wanaposikia kwamba dawa imekutwa na risasi, hudhani mfanyabiashara asiye mwaminifu ameichakachua, au kwamba mimea iliota katika udongo mchafu. Hayo hutokea. Hata hivyo, risasi iliyomo katika naga bhasma haikuingia kwa bahati mbaya; ndiyo dawa yenyewe. Hali kadhalika zebaki iliyomo katika rasasindura, ambayo hutengenezwa kwa kuunguza zebaki pamoja na salfa.

Takwimu za jambo hili zimekuwapo kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2004, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya dawa 70 za Ayurveda walizonunua katika maduka 30 ya eneo la Boston. Dawa 14, yaani moja katika kila tano, zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Baadaye walirudia kazi hiyo kwa dawa 193 zilizouzwa kupitia intaneti, na mwaka 2008 matokeo yao yakachapishwa katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani, JAMA. Safari hii ilikuwa asilimia 20.7. Kwa dawa za rasa shastra peke yake kiwango kilifika asilimia 40.6.

Utafiti huo wa pili una mambo mawili yanayostahili kuzingatiwa na kila mnunuzi. Kwanza, dawa zilizotengenezwa Marekani hazikuwa na nafuu: asilimia 21.7 zilikuwa na metali hizo, dhidi ya asilimia 19.5 za zile zilizotoka India. Pili, robo tatu ya dawa zilizokutwa na metali zilitoka kwa watengenezaji waliodai kufuata kanuni bora za uzalishaji. Kwa maneno mengine, jina la nchi na mhuri wa ubora havikumlinda mteja.

Matabibu wa rasa shastra wanayo hoja yao, na haifai kubezwa bila kuisikiliza. Wanasema moto na mimea huibadili metali isiwe sumu tena. Wanavyo vipimo vya jadi vya kuthibitisha kazi yao: majivu yakisuguliwa kidoleni yaingie katika mistari ya ngozi, yakinyunyizwa juu ya maji yaelee, yasing'ae kama metali. Kikemia pia si uongo kwamba zebaki iliyoungana na salfa huyeyuka kwa shida kuliko misombo mingine ya zebaki.

Lakini vipimo hivyo hupima ulaini wa unga na kutoweka kwa mng'ao. Havipimi kiasi cha risasi kinachopita tumboni kuingia katika damu. Anayetaka kujua hilo hana budi kupima damu yenyewe, na damu imekwisha kupimwa.

Mwaka 2012, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kilichapisha taarifa ya wajawazito sita wa Jiji la New York waliokuwa wametumia dawa za Ayurveda zilizotengenezwa India, baadhi yao wakizitumia kwa ajili ya ujauzito wenyewe. Damu zao zilikuwa na risasi kati ya mikrogramu 16 na 64 kwa desilita. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linaagiza chanzo kitafutwe pindi kiwango kinapofika mikrogramu 5, na linasisitiza kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Kwa mjamzito hatari ni ya watu wawili. Risasi hupita katika kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Aidha, mwili huihifadhi risasi mifupani kwa miongo kadhaa, na wakati wa ujauzito na kunyonyesha mifupa hiyo huiachia irudi katika damu. Mwanamke anaweza kuwa ameacha dawa zamani, na bado mtoto akarithi deni lake.

Kibaya zaidi, dalili za sumu hii hudanganya. Risasi huleta tumbo la kusokota, choo kigumu, uchovu, maumivu ya viungo na upungufu wa damu. Hayo ni miongoni mwa maradhi yaleyale yanayowapeleka watu kwa tabibu wa Ayurveda. Mgonjwa akiona hali haibadiliki, huongeza dozi, na daktari asiyeambiwa habari za dawa hizo hutibu tumbo wakati tatizo liko katika damu. Zebaki nayo hushambulia figo na mishipa ya fahamu. Aseniki ikitumiwa kwa muda mrefu huharibu ngozi na huweza kuleta saratani.

Je, sheria zinasemaje? India iliagiza kwamba kuanzia Januari 1, 2006 dawa za mitishamba mitupu zipimwe metali nzito kabla ya kuuzwa nje. Ilikuwa hatua njema, lakini iliacha milango miwili wazi. Ililenga mizigo inayosafirishwa, si ile inayobaki kwa Wahindi wenyewe. Na haikuzigusa dawa za madini, ambazo ndizo zenye hatari kubwa. Marekani nako, kwa sheria ya mwaka 1994, virutubisho huingia sokoni bila serikali kuvithibitisha kwanza. Mamlaka husubiri madhara yatokee ndipo ianze kukimbizana na muuzaji.

Mwanya huohuo ndio unaopitisha shilajit, utomvu mweusi wa miamba ya Himalaya unaonadiwa sana mitandaoni kuwa huongeza nguvu za kiume. Tafiti zilizopo juu yake ni chache na ndogo, na zile zenye matokeo ya kutia moyo zilitumia shilajit iliyosafishwa kitaalamu. Haziwezi kuwa dhamana ya kila kichupa kisichojulikana kimetoka mwamba gani.

Afrika Mashariki haiko mbali na soko hili. Dawa za Ayurveda huuzwa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, miji yenye jamii kubwa na za siku nyingi zenye asili ya India, na wateja wake si wa jamii hizo pekee. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza lake, pamoja na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Vyombo vipo. Linalotakiwa ni cheti cha maabara kwa kila toleo la dawa ya madini, kikionyesha kiasi cha risasi, zebaki na aseniki, kabla kopo halijapangwa rafuni.

Kwa sasa mnunuzi ajilinde. Akiona maneno bhasma, rasa, parad au naga kwenye kopo, ajue huenda ananunua metali, na aulize cheti cha toleo hilo. Mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto wasipewe kabisa. Aliyekwisha kutumia asingoje dalili: aache, aende hospitali akapimwe damu, na asitupe kopo. Alifikishe kwa daktari, kwa kuwa mara nyingi ndilo litakaloonyesha ugonjwa umetoka wapi.